Mganga Livingstone na Sanduku la Dawa

1. Mtoto wa kiwanda

Watoto, mto Lualaba mnaujua. Unatoka katika nchi ya juu upande wa kusini, karibu na mpaka wa Zambia. Unapita Nzilo, karibu na Kolwezi, unashuka Bukama, unaendelea Kongolo na Kindu mpaka Kisangani, na kutoka huko unaitwa mto Kongo. Leo mtoto wa shule aweza kuonyesha njia yake yote katika ramani. Zamani hapakuwa na mtu aliyeijua njia hiyo yote, tangu chemchemi zake mpaka baharini. Mtu mmoja alitumia miaka ya mwisho ya maisha yake kwa kuitafuta. Alikuwa mganga, na jina lake David Livingstone. Alikufa njiani, naye alikuwa akikusudia kufika Katanga. Hakuuawa na simba wala kwa mkuki. Aliuawa na magonjwa yale yale ambayo kila mwaka huingia katika nyumba zetu. Kwa hiyo yafaa tujue maisha yake.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tatu, mwaka 1813, katika kijiji cha Blantyre, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini. Baba, mama na watoto, wote walikaa katika chumba kimoja. Alipokuwa na miaka 10, alitiwa kazi katika kiwanda cha kusokota pamba. Alianza saa kumi na mbili asubuhi, akamaliza saa mbili usiku. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika.

Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini. Akakiweka wazi juu ya mashine, na kila alipopita mbele yake alisoma neno moja au mawili. Usiku, kazi ikiisha, alikwenda shule kwa saa mbili. Hivi, kidogo kidogo, mtoto wa kiwanda akapata elimu. Mwaka 1836 akaanza kusoma uganga katika mji wa Glasgow. Mwaka 1840 akapata cheti cha uganga, na mwishoni mwa mwaka ule akapanda meli kwenda Afrika.

2. Mganga kati ya waganga

Alifika Afrika ya Kusini mwaka 1841, akakaa kati ya Watswana, akajifunza lugha yao. Wagonjwa walimjia wengi. Wengine walisafiri kutoka mbali wapate dawa kwake. Lakini hakuwadharau waganga wa nchi. Hakukubali kumtibu mgonjwa aliye mikononi mwao, isipokuwa wao wenyewe wametaka, au wameshindwa. Alizungumza nao kwa heshima juu ya dawa za miti na majani. Aliona kwamba mtu mwenye akili hujifunza kwa kila mtu.

Mwaka 1844 simba alimrukia, akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa ule haukuunganika vizuri, na siku zote za maisha yake hakuweza kuinua mkono ule sawasawa. Kumbukeni mkono huo, maana tutauona tena.

Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mwalimu wa dini wa Kuruman. Wakapata watoto. Mwezi wa nane, mwaka 1850, alizaliwa kitoto cha kike, wakakiita Elizabeth. Siku zile ugonjwa wa mapafu ulikuwa ukienea kijijini, nacho kikaambukizwa. Kitoto kikaishi majuma sita tu, kikafa. Baba yake alikuwa mganga, lakini hakuwa na dawa ya kumponya. Wakati ule hapakuwa na mganga hata mmoja duniani aliyekuwa na dawa ya ugonjwa huo. Dawa ya penisilini, inayoua vijidudu vingi vya mapafu, iligunduliwa mwaka 1928, yaani miaka 78 baadaye.

3. Homa njiani

Mwezi wa kumi na moja, mwaka 1853, Livingstone alitoka Linyanti, katikati ya Afrika ya kusini, pamoja na watu 27 aliopewa na mfalme Sekeletu. Walitaka kutafuta njia ya kufika bahari ya magharibi. Walipanda mto Zambezi, wakapita karibu na ziwa Dilolo, ambalo leo liko Angola, karibu na mpaka wa Provensi ya Lualaba.

Mvua zilikuwa nyingi. Walilala katika nguo zilizolowa. Homa ikamshika Livingstone mara kwa mara. Siku moja alitetemeka kwa baridi, siku ya pili akaungua kwa moto, siku ya tatu akasimama akaendelea na safari. Tena tumbo lilimwendesha vibaya. Tarehe 31 mwezi wa tano, mwaka 1854, walipofika mji wa Luanda, alikuwa mifupa mitupu. Mwingereza mmoja aliyekaa mjini akampa kitanda chake.

Bandarini palikuwa na meli za Waingereza. Wakubwa wa meli walimwona anavyoumwa, wakataka kumpeleka kwao. Mgonjwa mwingine angefurahi. Lakini Livingstone alikuwa amewaahidi watu wake 27 kuwarudisha kwa wenzao. Kama angepanda meli, wangebaki peke yao katika nchi ya kigeni. Basi akakataa. Alipopata nguvu, akarudi nao kwa miguu njia ile ile, mpaka Linyanti, mwaka 1855.

Katika safari hizo dawa yake kubwa ilikuwa kinini. Kinini hutoka katika ganda la mti unaoota milimani kwa Amerika ya Kusini. Mapadri Wayezuiti ndio waliolieneza ganda hilo katika Ulaya, katika miaka ya 1600. Mwaka 1820 mafundi wawili Wafaransa wakatoa ndani yake dawa yenyewe, kinini, iliyo chungu sana. Livingstone alitengeneza vidonge vyake mwenyewe. Alichanganya kinini na dawa za kuharisha, moja yao ikiwa imetengenezwa kwa zebaki. Leo waganga wanajua kwamba zebaki ni sumu, wala hawampi mgonjwa. Lakini kinini ndani ya vidonge vile ilikuwa dawa ya kweli. Livingstone alijua tena kwamba dawa hiyo yatakiwa kuanzwa mapema, homa inapoanza tu, wala si kungoja mpaka mgonjwa amelegea.

4. Mwaka wa huzuni

Mwaka 1858 alirudi Zambezi pamoja na Wazungu wengine, wapate kuutazama mto. Karibu wote walishikwa na homa, lakini kwa msaada wa kinini wengi walipona.

Kisha ukaja mwaka 1862, mwaka wa huzuni. Askofu mmoja Mwingereza, jina lake Mackenzie, alikuwa akisafiri kwa mtumbwi katika mto Shire na mwenzake. Mtumbwi ukapinduka usiku, na dawa zao zote zikaingia majini. Hawakurudi kutafuta nyingine. Wakakaa kisiwani penye mbu wengi, wakapata homa, na kinini hawana. Mwisho wa mwezi wa kwanza Askofu akafa. Mwenzake akafa majuma machache nyuma yake.

Miezi mitatu baadaye homa ikamshika Mary, mke wa Livingstone, huko Shupanga, karibu na mto Zambezi. Hapo kinini ilikuwako, na waganga wawili, Livingstone mwenyewe na rafiki yake John Kirk, walikaa karibu na kitanda. Lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kupata nguvu. Jioni ya tarehe 27 mwezi wa nne, mwaka 1862, Mary akafa. Wakamzika chini ya mbuyu.

Hivi Livingstone alijua kwa machozi yake mambo mawili. La kwanza, anayekosa dawa hufa. La pili, hata mwenye dawa aweza kufa, ugonjwa ukiwa umemshinda.

5. Sanduku linapotea

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho. Alitoka Unguja, akashuka karibu na mto Ruvuma, akaingia katikati ya nchi. Alitaka kujua mito mikubwa ya Afrika inatoka wapi. Pamoja naye walikuwako Chuma na Susi. Chuma alikuwa mtumwa zamani, na mwaka 1861 Livingstone na wenzake walimkomboa katika msafara wa watumwa.

Njaa ilikuwa kubwa, na wapagazi wengi walikimbia. Tarehe 20 mwezi wa kwanza, mwaka 1867, katika msitu ulio leo katika nchi ya Zambia, watu wawili wakatoroka na mizigo waliyokuwa wakiichukua. Wenzao wakawatafuta, wasiwaone. Mvua ilikuwa imefuta nyayo zao. Katika mizigo ile lilikuwamo sanduku la dawa zote. Kinini yote ikapotea siku ile.

Livingstone akajua maana yake. Aliona kama mtu aliyehukumiwa kufa. Palikuwa na mwendo wa miezi mingi mpaka pwani, na majira yalikuwa ya mvua, ndiyo majira ya homa. Angaliweza kurudi. Lakini hakurudi, akaendelea mbele bila dawa.

Mwezi wa nne wa mwaka ule alifika upande wa kusini wa ziwa Tanganyika. Homa ikampiga hata akaanguka bila fahamu. Akainuka tena. Mwezi wa kumi na moja akaona ziwa Mweru, na mwaka 1868 ziwa Bangweulu. Mwanzo wa mwaka 1869 alishikwa na ugonjwa wa mapafu. Alikohoa damu, wala hakuweza kwenda kwa miguu. Mfanya biashara mmoja Mwarabu, jina lake Mohamad Bogharib, akamhurumia, akampa dawa na chakula, akaamuru achukuliwe kwa machela. Katika mwezi wa tatu wakafika Ujiji. Livingstone alitumaini kupata huko vitu alivyoletewa kutoka Unguja. Akakuta vitu vingi vimeibiwa, na dawa zimebaki Unyanyembe, karibu na Tabora, mwendo wa siku 13.

6. Jiwe la kijani na mto Lualaba

Kutoka Ujiji alivuka ziwa Tanganyika, akaingia katika nchi ya Manyema, iliyo leo katika Kongo yetu. Mwaka 1870, alipokuwa Kabambare, vidonda vibaya vilimtoka miguuni. Kila akikanyaga chini, damu na usaha vilitoka. Siku karibu 80 alikaa ndani ya nyumba bila kutembea. Watu wengine wengi walikuwa na vidonda vile, na wengine walikufa.

Livingstone akajaribu dawa nyingi bila faida. Mwishoni akapata jiwe la kijani, lile linaloitwa malakiti. Watoto wa Kolwezi mnalifahamu jiwe hilo, kwa maana ndani yake mna shaba, nalo laonekana sana katika nchi yetu. Akalisaga juu ya jiwe jingine pamoja na maji, akapaka vidonda kwa unyoya wa ndege. Aliandika kwamba dawa hiyo tu ndiyo iliyomsaidia. Lakini ninyi msifanye hivyo. Yeye alifanya kwa kukosa dawa nyingine, na mawe ya migodi yaweza kuwa na sumu ndani. Leo kidonda huoshwa kwa maji safi na sabuni, hufungwa kwa kitambaa safi, na kikiwa kikubwa au kina usaha, mtu huenda dispanseri.

Mwezi wa tatu, mwaka 1871, Livingstone alifika Nyangwe, akasimama kando ya mto Lualaba. Aliuona mkubwa sana, unakwenda upande wa kaskazini. Akafikiri labda ndio mwanzo wa mto Nili. Alikosea katika jambo hilo, lakini ukweli ulijulikana mwaka 1877 tu, Stanley alipoufuata mto ule mpaka baharini, akahakikisha kwamba Lualaba ni mto Kongo.

Huko Nyangwe Livingstone aliona jambo la kutisha. Tarehe 15 mwezi wa saba, mwaka 1871, watu wa wafanya biashara ya watumwa walipiga bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake. Watu mamia wakafa, wengi wao mtoni. Livingstone hakuweza tena kukaa na wafanya biashara wale. Akarudi Ujiji, safari ya miezi mitatu, huku tumbo likimwendesha na miguu ikimwuma. Alifika mwezi wa kumi. Mali yake ilikuwa imeuzwa, na alikuwa karibu kuomba chakula kwa watu.

Siku chache baadaye Henry Stanley akafika, ametumwa na gazeti la Marekani kumtafuta. Alileta dawa, nguo na chakula kizuri. Livingstone akala mara nne kila siku, na kwa muda mfupi nguvu zikamrudia. Tazameni, chakula kizuri nacho chamsaidia mgonjwa kama dawa. Mwili wenye njaa hauwezi kupigana na ugonjwa.

Stanley alimsihi warudi pamoja Ulaya. Livingstone akakataa. Kazi haijaisha.

7. Njia ya Katanga

Mwezi wa nane, mwaka 1872, Livingstone alitoka Tabora. Alikusudia kuzunguka ziwa Bangweulu upande wa kusini, kwenda magharibi mpaka kwenye chemchemi za mito, kisha kufika kwenye migodi ya shaba ya Katanga, ambayo habari zake alikuwa amezisikia muda mrefu. Maana zamani sana kabla ya Wazungu, babu zetu walichimba shaba, wakaiyeyusha, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyofika mbali kwa biashara.

Lakini mvua zikaanza. Kando ya Bangweulu nchi yote ikawa maji. Walikwenda katika matope mpaka kifuani, walilala katika nguo mbichi, walikunywa maji ya mabwawa. Livingstone, aliyekuwa ameumwa tumbo mara nyingi, akaanza kuhara damu. Damu ikatoka siku kwa siku, majuma kwa majuma. Mwezi wa nne, mwaka 1873, hakuweza kutembea wala kukaa juu ya punda. Susi, Chuma na wenzao wakatengeneza machela, wakamchukua polepole mpaka kijiji cha mfalme Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Wakamjengea nyumba ya majani.

Usiku wa mwisho alimwita Susi, akamwagiza maji ya moto na sanduku dogo la dawa. Macho yake yalikuwa yamefifia, akachagua dawa kwa shida. Kisha akamruhusu Susi aende. Mapema asubuhi, mwanzo wa mwezi wa tano, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa mikononi. Alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa na miaka 60.

Wenzake wakafanya shauri. Wangaliweza kumzika pale, kisha kila mtu aende kwao. Lakini waliona kwamba haifai kumwacha mbali na watu wake. Moyo wake wakauzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyejua kusoma, akasoma sala. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga vizuri. Ndipo wakauchukua mabegani mwao, miezi tisa, katika hatari na magonjwa. Wengine kati yao walikufa njiani. Mwezi wa pili, mwaka 1874, wakafika Bagamoyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu wakaupokea mwili katika misioni yao. Kutoka huko ukapelekwa Unguja, kisha London.

Huko watu waliuliza kama ni yeye kweli. Mganga mmoja akatazama mfupa wa mkono wa kushoto, akaona pale ulipovunjwa na simba. Hapakuwa na shaka tena. Tarehe 18 mwezi wa nne, mwaka 1874, Livingstone akazikwa katika kanisa kubwa la Westminster.

8. Mambo asiyoyajua

Livingstone alikuwa mtu mwenye akili na mwenye kutazama vizuri. Aliandika kwamba pahali penye mbu wengi pana homa. Alikuwa karibu sana na ukweli! Lakini hakujua kwamba mbu mwenyewe ndiye anayeleta malaria. Kama wenzake wote wa siku zile, alifikiri homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa.

Miaka saba baada ya kufa kwake, mwaka 1880, mganga Mfaransa Laveran, katika nchi ya Aljeria, aliona kwa darubini vijidudu vya malaria ndani ya damu ya mgonjwa. Tarehe 20 mwezi wa nane, mwaka 1897, mganga Mwingereza Ross, katika nchi ya Uhindi, akaviona ndani ya mbu. Mwaka ule ule Mjapani mmoja, jina lake Shiga, akagundua kijidudu kimoja kinacholeta ugonjwa wa kuhara damu. Kijidudu hicho hutoka katika mavi ya mgonjwa, na huingia kinywani mwa mtu mwingine kwa maji machafu, kwa chakula na kwa mikono isiyooshwa.

Basi tazameni. Livingstone hakupungukiwa na ushujaa. Alipungukiwa na mambo mawili, dawa na ujuzi. Kama angalijua hatari ya mbu, angalilala kila usiku ndani ya chandarua. Kama angalijua hatari ya maji ya bwawa, angaliyachemsha. Alikuwa na moto na sufuria kila jioni!

9. Sisi tunajua

Ninyi watoto mnajua leo yale ambayo mganga yule mkubwa hakuyajua. Lakini ujuzi usiotumiwa ni kama sanduku la dawa lililopotea msituni. Basi shikeni haya.

Malaria huletwa na mbu anayeuma usiku. Laleni ndani ya chandarua chenye dawa, kila usiku, hata siku za joto. Watoto wadogo na mama wajawazito wawe wa kwanza kulala ndani yake. Fukieni mashimo yenye maji karibu na nyumba. Mtoto akipata homa, apelekwe dispanseri siku ile ile. Huko watamchoma kidole kidogo, wapime damu, na kama ni malaria watampa dawa mpya zilizo bora kuliko kinini ya zamani. Dawa zimezwe zote mpaka mwisho, hata kama mtoto ameanza kucheza. Mtoto akishtuka-shtuka mwili, au asipoweza kunywa, au asipoamka, msingoje hata kidogo. Tena mwaka 2024 nchi yetu ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto wadogo, kwanza katika Provensi ya Kongo Central.

Kuhara huua kwa sababu maji ya mwili hutoka na hayarudishwi. Vivyo hivyo kipindupindu, ndicho kolera. Chemsheni maji ya kunywa au tieni dawa ya klori. Nawieni mikono kwa sabuni mkitoka chooni na kabla ya kula. Mtoto akihara, apewe maji ya dawa ya pakiti ya dispanseri. Kama hakuna, tengenezeni hivi: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote sawa bila kulundika. Anywe kidogo kidogo, mara nyingi. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Akihara damu, au macho yakiingia ndani, aende dispanseri mara moja.

Kikohozi cha kawaida huisha chenyewe. Lakini mtoto akipumua mbio mbio, au kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, huo ni ugonjwa wa mapafu. Elizabeth alikosa dawa yake. Leo dawa iko, ikiwa wazazi hawakukawia.

Tena mzee akiumwa, msiseme ni uzee tu. Livingstone alihara damu kwa majuma mengi huku akiendelea na safari. Baba anayekwenda mgodini na homa, mama anayelima na tumbo linalomwendesha, hao nao ni wagonjwa, nao yafaa watibiwe mapema.

Na mwisho, mkumbuke Susi, Chuma na wenzao. Hawakuwa waganga. Lakini walimchukua mgonjwa, walimlisha, walimjengea nyumba, hawakumkimbia. Nyumbani kwenu akiwapo mgonjwa, mtoto aweza kumchotea maji, kumchemshia, na kukimbia kumwita mkubwa. Kazi hiyo haingoji cheti cha uganga.

Maulizo

1. Livingstone alipata elimu namna gani, naye alifanya kazi mchana kutwa?
2. Kwa nini alikataa kupanda meli huko Luanda?
3. Sanduku la dawa lilipotea mwaka gani? Ndani yake mlikuwa na dawa gani kubwa?
4. Alikuwa akikusudia kufika wapi, kifo kilipomkuta?
5. Watu wa London walimtambua kwa alama gani?
6. Ni mambo gani mawili tunayoyajua leo juu ya malaria na kuhara, ambayo Livingstone hakuyajua?
7. Eleza namna ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi kwa mtoto anayehara.
8. Tazama nyumbani kwenu jioni ya leo: nani analala ndani ya chandarua, na nani hana? Maji ya kunywa yamechemshwa?